Kaniki ya Kuingilia Kaya

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Shule niliiacha darasa la nne, nikakwea minazi, nikafagia bustani za hoteli za ufuoni Galu, na leo nina nyumba ya mawe na kazi yangu mwenyewe: kuwatembeza wageni ndani ya msitu wa kaya, walikozikwa wazee wetu. Kabla ya korona walikuwa wakinisubiri langoni.

Korona ikafunga kila kitu. Ilipopita, wageni walirudi ufuoni, msituni hawakurudi. Tatizo kaniki. Haingii mtu kaya bila kujifunga kaniki nyeusi kiunoni, na zetu ni za kuazima; baada ya korona, nani anataka nguo iliyovaliwa na mwenziwe? Nikazichemsha, nikazianika wazione. Wapi! Njia ikaanza kuota majani. Asubuhi nilikuwa nikiipita peke yangu, nikieleza miti kwa sauti, maneno yasije yakanitoka. Nikisimama, majani makavu nyuma yangu yalikanyagwa mara moja zaidi.

Ndipo wakaja mtu na mkewe kutoka Nairobi.

“Hii imevaliwa na nani?” mke aliuliza, ameishika kwa vidole viwili.

“Imefuliwa, mama.”

“Zii. Bosi, tuingie tu hivi, tutakuongeza,” mume akasema.

Tangu Ramadhani sikuwa nimepata mgeni hata mmoja. Nikawaacha waingie.

Hata mbega hawakulia siku ile. Nilieleza vizuri, kwa hilo hakuna aniwezaye. Tulipotoka, mke akageuka.

“Na yule mzee wenu, mbona hatoki?”

“Mzee yupi?”

“Si huyo alikuwa anatufuata na kitambaa cheusi. Kila nikiangalia nyuma, ananinyooshea.”

Mle ndani tulikuwa watatu tu.

Alfajiri nilimwendea shangazi yangu, mmoja wa wazee wa kaya. Nilimkuta akipika vitumbua.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umemwona?”

“Mimi sikumwona. Mgeni ndiye aliyemwona.”

“Heri ungemwona weye. Mgeni keshakwenda zake, na mzee wa watu bado amesimama mle na kaniki yake mkononi. Na weye na majigambo yako, lango lile hulipiti tena mpaka aombwe radhi.”

Sikubishana. Sina kazi nyingine nje ya msitu ule. Mbuzi mweusi, kaniki mpya, ubani na nauli za wazee vilinigharimu shilingi elfu kumi na moja, mia nne na hamsini.