Mshale wa Kaskazini

Mpima wetu wa sumaku ya mawe haingii maabara kabla ya kuvua saa na mkanda. Mlangoni humuuliza kila mtu, mara moja tu, "Huna chuma, ndugu yangu?" Lava ikipoa, chembe zake za chuma huganda zikielekea kaskazini, ndiyo maana yeye huchora mshale wa kaskazini juu ya jiwe kabla ya kulikata mlimani. Jana jiwe moja lilionyesha kusini. Alilipima mara tatu.

"Labda enzi hizo kaskazini ilikuwa huko," nikamtuliza.

"Sumaku ya dunia kugeuka si ajabu, imeshageuka mara nyingi." Akaupapasa mshale kwa kidole gumba. "Ila sikumbuki niliuchora nikiangalia wapi."

Kisha akanigeukia kwa upole. "Huna chuma, ndugu yangu?"

Ilikuwa mara ya nne siku hiyo.