Hakuuliza Mvua

Simu ya hooyo, yaani mama yangu, naishika mimi kwa sababu nilifika darasa la saba na yeye hakwenda shule. Sijui kama hiyo ni sababu ya kutosha. Siku hii ilinitia shaka.

Tulikuwa kwenye banda letu sokoni Garissa, hooyo akimpimia mteja maziwa ya ngamia. Meseji ikaingia kutoka kwa abti, kaka yake anayeishi Rhamu. Picha ilikuwa yake, na kofia yake. Iliandikwa kwa Kiswahili, lakini hilo halikunishtua, kwa kuwa abti huandikiwa na binti yake ambaye ni mwalimu. Ilisema: "Dada, kuna namba sita zimekuja kwa simu yako kwa makosa. Nirudishie haraka." Na kweli zilikuwa zimeingia dakika ileile.

Nikaanza kuziandika. Kumweka mjomba akingoja ni aibu kwetu.

"Abti anataka namba fulani," nikamwambia hooyo.

"Ameuliza mvua?"

"Hapana."

"Ngamia je?"

"Hooyo, ni meseji tu."

"Siku nyoka alimuuma, aliniuliza mvua kwanza, halafu ndiyo akanionyesha mguu. Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikampa simu. Wakaulizana mvua, malisho, ngamia, mto Daua, afya ya kila mtu, mimi nikiwa nimesimama tu. Mwishowe hooyo akamuuliza habari ya namba. Abti hakuwa ametuma kitu. Tangu asubuhi, alisema, meseji zake zimekataa kufunguka.

"Abti, kuna mtu ulimpa namba?" nikauliza.

Abti akajibu: "Nilimpa mkwe wangu wa Griftu. Nilidhani ni yeye."

Hooyo akacheka. "Huyo naye hakuuliza mvua?"

"Aliuliza. Na mbuzi pia. Aliuliza vizuri kuliko mkwe mwenyewe."

Hapo kicheko kikaisha. Nikamweleza hooyo nilivyoelewa, na huenda sikueleza vizuri: mwenye zile namba sita anafungua meseji zako kwenye simu yake, anaongea na watu kama wewe.

Sasa, hooyo ndiye anayetangaza mchango mtu wetu akiugua. Akisema fulani amelazwa, kuanzia Masalani mpaka Rhamu watu wanatoa. Kumuuliza kwa nini ni kama kumwita mwongo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Wangeomba kwa jina langu," akasema.

"Ndiyo."

"Na watu wangetoa."

"Wangetoa, hooyo."

Akafuta mikono kwa ncha ya shuka lake. Lazima niseme haki: yeye ndiye aliyetuokoa, si masomo yangu. Lakini abti naye si mjinga, kwa sababu kipimo cha hooyo alikitumia na bado akaibiwa. Kilichomfichua mwizi huyu wetu ni kusikia sauti ya abti mwenyewe.

Nadhani hooyo aliliona hilo kabla yangu. Alichukua simu, akatuma sauti kwenye kundi la familia: "Ni mimi, mnanisikia. Meseji za kaka yangu zimeibiwa. Mtu akiwaomba namba au mchango kwa maandishi, hata kwa jina langu, hata akiuliza mvua, msitoe kwanza. Nipigieni. Mkiniuliza sitakasirika."

Halafu akanigeukia. "Na wewe ulikuwa umeandika ngapi?"

Nilitaka kusema moja.

"Nne," nikasema.

"Zifute."

Nikazifuta moja moja, yeye akihesabu.