Gramu Nne za Jarida la Nyuki

Kwa miaka ishirini na tisa Mama Barua alisimama mbele ya matundu mia moja na ishirini ya mbao, katika chumba cha nyuma cha posta, akigawa barua za watu. Mwishowe alikuwa haangalii tena mkono wake unakokwenda. Jicho likisoma jina la mji, mkono umeshatupa, na bahasha imeshalala mahali pake. Wenzake walimtania kwamba siku akifika mbinguni, kitu cha kwanza atakachouliza ni namba ya sanduku la posta. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na kitambaa cha meza, wakampigia makofi, akarudi nyumbani kukaa.

Kukaa kukamshinda. Wiki ya kwanza alipanga vijiko kwa ukubwa. Wiki ya pili akamwaga kopo la vifungo, akavipanga kwa rangi na idadi ya matundu. Mwezi wa tatu akahamia jikoni kwa jirani, mpaka jirani akamwomba kwa heshima na taadhima amwachie masufuria yake.

Kilichomshikilia ni nyuki. Marehemu mumewe alimwachia mizinga sita nyuma ya nyumba, pamoja na uanachama katika Chama cha Wafugaji Nyuki. Chama kilikuwa na wanachama mia nne na kumi na wawili, waliotawanyika kila pembe ya nchi, na kila baada ya miezi miwili kiliwatumia jarida kwa posta. Lilikuwa jarida la maana: lini umkague malkia, lini uvune, dawa gani ya shambani isisogezwe karibu na mizinga. Mwenyekiti wa chama, ambaye pia ndiye alikuwa mhariri, alikuwa shemeji yake mwenyewe, mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Sasa, jarida hilo lilikuwa halifiki. Au likifika, limeshapitwa. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka mambo yakalipuka. Mzee mmoja aliyesafiri siku mbili kuja kikaoni, ambaye wote walimwita Mizinga Sabini, alisimama na matoleo matatu yaliyofungwa kwa kamba.

"Haya yote nimeyapokea siku moja," alisema. "Hili la juu linaniambia niandae mizinga kabla ya mvua. Mvua imenyesha, imekatika, na nyuki wangu wamenuna wamehama. Niwafuate niwasomee?"

Ukumbi ukaangua kicheko, lakini kilikuwa kicheko cha hasira. Mweka hazina, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaongeza lake: gharama ya kulituma jarida sasa ilikuwa imeipita ile ya kulichapa, na ada za wanachama zilikuwa zinaishia kwenye stempu. Pendekezo lake lilikuwa fupi. Jarida la karatasi life. Watumiwe watu kwa simu.

"Simu yangu mimi ni ya kubonyeza," Mizinga Sabini akasema. "Picha ya nyuki ikiingia humo itatoka kama tone la lami."

Walikuwepo wengi wa namna yake, wakaanza kuguna. Hapo ndipo Mama Barua aliposimama. Hakuwa mtu wa kusema vikaoni. Mikono yake ilikuwa imeshika kiti cha mbele kana kwamba kinataka kukimbia.

"Kabla hamjalizika," alisema, "nipeni toleo moja. Moja tu. Nilitume mimi."

"Shemeji," Mwenyekiti akasema kwa upole, "wewe si umestaafu? Pumzika."

"Nimepumzika mpaka nimechoka, shemeji."

Wakampa.

Jambo la kwanza alilofanya liliwashangaza: aliomba bahasha kuukuu. Aliyekuwa hajaitupa bahasha ya jarida, amletee au amtumie. Ndani ya wiki tatu alikuwa nazo sitini na tatu, nyingine zina mabaki ya nta, nyingine zimeandikwa hesabu za shule kwa nyuma. Akazitandaza juu ya meza ya kulia chakula, akavaa miwani, akaanza kusoma mihuri. Kwake yeye muhuri wa posta ulikuwa kama uso wa mtu. Alijua ulipotoka, ulikolala, na kama ulipigwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula.

Alichokiona hakikumfurahisha. Posta ilikuwa na makosa yake, kweli. Bahasha nyingine zilizungushwa mji huu na ule kama mgeni asiyepokelewa, kwa sababu anwani ziliandikwa bila namba ya sanduku. Nyingi zilipelekwa Ijumaa jioni, wakati magunia yameshaondoka tangu saa sita mchana, zikalala hapo mpaka Jumatatu. Lakini kilichomkaa kooni kilikuwa kingine. Jarida lililoandikwa tarehe mosi lilikuwa linapigwa muhuri wa kwanza tarehe kumi na saba, kumi na nane. Siku kumi na sita zilipotea hata kabla posta haijaliona.

Akaenda kwa mchapaji. Alikuwa mwanamume mkavu, kucha zina wino ambao haujatoka tangu ujana wake, na mashine yake ilitikisa sakafu.

"Kazi ya chama inakwama wapi?" Mama Barua akamwuliza.

"Kwangu haikwami. Tarehe mbili, tatu, kurasa zote ziko tayari. Nabaki nasubiri ukurasa wa pili."

"Ukurasa wa pili una nini?"

Mchapaji akakohoa, akaangalia mashine. "Neno la Mwenyekiti."

Mama Barua akaomba mizani, akaweka jarida moja ndani ya bahasha yake, akapima. Gramu mia na nne. Alihisi kama mtu amemmwagia maji. Bei ya posta hupanda ngazi kwenye gramu mia. Kwa gramu nne tu, kila bahasha ilikuwa inalipiwa karibu mara mbili. Akaanza kuchomoa karatasi moja moja na kuzipima. Nyingi zilikuwa nyepesi. Moja ilikuwa nene, ya kung'aa, na ilipotoka mizani ikashuka mpaka tisini na tisa. Akaigeuza. Ilikuwa picha ya shemeji yake, ukurasa mzima, amevaa suti, amesimama kando ya mzinga ambao hata si wake.

Siku mbili alizunguka na jambo hilo moyoni. Huyu ndiye aliyesimama naye katika msiba wa mumewe mwanzo mpaka mwisho, aliyezibeba karo za wanawe mwaka ule mbaya. Unamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba yeye ndiye kikwazo? Siku ya tatu, alasiri, akachukua bahasha zake na mizani aliyoiazima, akaenda kwake. Wakakaa barazani. Akamwonyesha mihuri mmoja mmoja, bila haraka, kama alivyokuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya. Kisha akaweka jarida kwenye mizani, akachomoa ile picha.

Mwenyekiti alitazama sindano ya mizani ikishuka. Akairudisha picha mwenyewe, sindano ikapanda; akaichomoa, ikashuka tena.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewachelewesha watu."

"Posta nayo ina yake. Lakini siku kumi na sita za mwanzo ni zako, shemeji. Na gramu nne."

Akainuka, akaingia ndani, mlango ukajifunga nyuma yake. Mama Barua akabaki na chai inayopoa, akiwaza kwamba ameharibu undugu kwa ajili ya karatasi. Mara mlango ukafunguliwa. Shemeji alikuwa ameshika kurasa tatu za mwandiko, zimekatwakatwa kwa kalamu nyekundu.

"Neno langu la toleo lijalo," alisema. "Nilikuwa bado nalinyoosha. Basi, limenyooka. Chukua kabla sijabadili nia." Kisha akaitazama picha yake pale mezani. "Ila ile suti ilinikaa vizuri, sema kweli."

"Ilikukaa. Ilikuwa nzito tu."

Wakacheka mpaka mke wa Mwenyekiti akachungulia dirishani.

Toleo lile lilichapwa bila picha, likakamilika tarehe tatu. Mama Barua alikusanya maboksi ishirini na manne ya viatu, akayapanga sebuleni kwa njia za magari ya posta, jinsi magunia yanavyopakiwa na kushushwa. Kila anwani ilikuwa imehakikiwa. Kwa zile zisizo na namba ya sanduku, aliwapigia simu wenyewe mmoja mmoja. Mwenyekiti alikuja kubandika stempu, na kazi yake ilikuwa kulowesha sponji na kunyamaza. Ya kwanza aliiweza. Mama Barua aliposimama mbele ya maboksi, bahasha ya kwanza ikatoka mkononi, kisha ya pili, kisha mkono ukakumbuka. Shemeji akaacha sponji, akatazama. Katika miaka yote hakuwahi kuiona kazi ya shemeji yake kwa macho.

"Mama Barua," alisema polepole, akimwita kwa jina hilo kwa mara ya kwanza, "kumbe ulikuwa unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku. Na haraka zaidi ya hapa."

Jumanne asubuhi, saa mbili, walikuwa kwenye kaunta ya posta na vifurushi vilivyofungwa kwa kamba, kila kimoja na kibandiko cha njia yake. Karani akapima, akataja jumla. Mama Barua akamwambia kwa adabu kwamba barua zaidi ya mia tatu zilizopangwa tayari kwa njia zina punguzo.

"Hakuna kitu kama hicho, mama."

"Kipo, baba. Tazama kitabu cha viwango, nyuma kabisa, baada ya vifurushi."

Karani akavuta kitabu kwa uvivu wa mtu anayekwenda kuthibitisha kwamba ana haki. Akafunua. Akasoma. Akasoma tena, miwani imeshuka puani.

"Sijawahi kuona mtu akiliomba," alisema.

"Kwa sababu kupanga kunachosha," Mama Barua akajibu, naye akajikuta ananyoosha mgongo.

Simu zilianza kuingia Alhamisi. Mizinga Sabini alipiga Jumamosi, na alikuwa anapiga kelele kana kwamba anataka kuupita umbali wote ule kwa sauti. "Limefika! Hata wino bado unanuka!" Mweka hazina alipiga naye, akasema kwamba kilichotumika hakikufika nusu ya safari iliyopita, kisha akakata simu; kwake hiyo ilikuwa hotuba. Si kwamba yote yalikwenda sawasawa. Gunia la njia moja lilishushwa mji usio wake, na wanachama kumi na tisa wakangoja mpaka wiki ya pili. Mama Barua alilifuatilia kwa simu ofisi baada ya ofisi mpaka akalipata, na kwenye kikao cha kamati alilitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Kamati haikutaka kusikia habari za gunia. Walipiga kura kwa mikono: jarida litabaki la karatasi, na msambazaji ni yeye, kwa muda wote atakaotaka.

Nakala yake mwenyewe hakuichukua kwenye rundo. Aliiandikia anwani, akaibandika stempu, akaitumbukiza kwenye boksi la viatu la mji wake kama ya mwanachama mwingine yeyote. Ijumaa ya wiki ile ile ya kutuma akaenda kwenye sanduku lake la posta, akafungua kwa ufunguo, akaikuta imelala humo peke yake. Akaitoa, akaitazama nje kwanza. Anwani inasomeka. Muhuri ni wa Jumanne, mviringo, safi, haujagusa jina. Watu walikuwa wanapita nyuma yake na yeye amesimama pale anatabasamu na bahasha kama aliyeandikiwa na mpenzi.

Kisha akaona kwa nyuma muhuri wa kupokelewa, wa Ijumaa badala ya Alhamisi: ilichelewa siku moja, na kona moja imekunjwa. Akafunga sanduku, akaingia ndani kuzungumza na karani.