Tone la Oili Mbele ya Geti

Ninyi mliokulia Buyenzi, pale Bujumbura, mtanisahihisha nikikosea, lakini enzi zetu mtaa mzima ulikuwa gereji. Mafundi walilala chali chini ya malori, miguu nje, nasi watoto tulimtambua mtu kwa nyayo zake kabla ya kumwona uso. Goroli za kuchezea hatukununua dukani. Tulizitoa ndani ya beringi zilizokufa, na aliyepata goroli kubwa ya lori alitembea kwa maringo mpaka jua linazama. Tukirudi nyumbani mama zetu walitusugua magoti kwa sabuni ya kipande huku ndagala zikikaangwa, na harufu ya samaki na ya oili iliyoungua zikachanganyika kichwani mwangu mpaka leo. Watoto wangu nikiwasimulia haya wananitazama kwa huruma na kuniuliza kama kweli hatukuwa na kitu kingine cha kufanya.

Papa, baba yetu, alikuwa na kamioneti, pikapu ya dizeli yenye turbo, aliyoinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Alibeba nayo maharage na sabuni, na Jumapili alitubeba sisi. Kila jioni alilaza kipande cha boksi chini ya injini, na kila asubuhi, kabla ya chai, alikivuta akakitazama kwa makini. Kikiwa safi, chai ilinywewa kwa vicheko. Kikiwa na doa, hakuna aliyeomba andazi la pili. “Anza kutazama juu,” alikuwa akitufundisha. “Oili inashuka, upepo unaisukuma nyuma. Pale inapodondoka siyo pale inapotokea.”

Siku ambayo haijawahi kunitoka ni ile ya kupanda mlima wa Bugarama. Tulikuwa tunakwenda Gitega kwenye ubatizo, Mama mbele na mdogo wangu mapajani, sisi wakubwa nyuma juu ya magunia, na nguo za kanisani. Wiki ile boksi lilikuwa na doa kila asubuhi. Papa alikuwa amekaza bomba hili na lile, akaamua gari litafika. Katikati ya mlima moshi wa bluu ukafumka nyuma yetu, mwingi, mpaka wale wa baiskeli waliokuwa wameshikilia gari ili wavutwe wakaachia. Halafu injini ikaanza kulia yenyewe. Papa akaondoa mguu kwenye mafuta, ikazidi. Akaweka gari pembeni, akazima, akachomoa ufunguo, na injini bado inapiga kelele. Sijawahi tena kumwona mtu mzima akiutazama ufunguo namna ile.

Baadaye ndipo tulipoelezwa. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, hulainishwa na oili ya injini. Sili yake, kile kizuizi cha oili, ikifa, oili inaingia upande wa hewa, na injini ya dizeli inaichoma kama mafuta. Haihitaji tena ufunguo wala mguu wa mtu, inakwenda tu mpaka ivunjike. Papa alifungua boneti, akang'oa mpira wa hewa, akavua kandambili yake, akaibandika kwenye mdomo wa bomba na kuikandamiza kwa mikono miwili. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikanyamaza. Mama alikuwa ametushusha sote upande wa pili wa barabara, anasali rozari haraka haraka bila kuruka neno. Ubatizoni hatukufika. Lori la ndizi lilituvuta kurudi mjini.

Sasa mimi ni Mama Keza wa Niboye, hapa Kigali, nina mvi ninazozificha kwa kitambaa, Papa ametangulia, na nina gari langu la dizeli lenye turbo, ambalo lilizeekea mikononi mwa wengine kabla ya kufika kwangu. Hivi karibuni Tante Stefania, mdogo wake Mama, alianguka kule Rusizi. Moyo wake umechoka, madaktari wamemrudisha nyumbani, na kila akipiga simu anauliza jambo moja tu, dada yake anakuja lini. Mama naye ana nyonga mbovu, na kukaa ndani ya basi kutoka stendi ya Nyabugogo mpaka kule, miguu imekunjwa, hawezi. Tukapanga nimpeleke mimi siku ya Jumamosi, pamoja na watoto. Jumatatu ya wiki hiyo, asubuhi, nikafungua geti, nikaona tone la oili juu ya mawe, pale gari lilipolala.

Mnaoishi Kigali mnaijua mitaa yetu. Mawe yamepangwa vizuri, yanafagiliwa kila siku, na jirani akiona doa mbele ya geti lako atakusalimia kwa heshima zote huku macho yakishuka chini polepole. Nikachukua sabuni ya unga na brashi, nikafuta. Kesho yake tone lilikuwepo tena, nikafuta tena kabla watu hawajaamka. Kumbe Papa alikuwa analaza boksi ili aone, mimi napiga brashi ili majirani wasione. Ndani ya gari kukaanza kunuka oili iliyoungua, ile ile harufu ya Buyenzi, na badala ya kunikumbusha mazuri ikanirudisha Bugarama. Nikipanda mlima wowote, na Kigali ni milima mitupu, nilikanyaga mafuta kwa woga na kuchungulia moshi kwenye kioo. Kila mara mkono ulikwenda kugusa ufunguo. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kama yule mtoto wa juu ya magunia.

Mwanangu Yvan, ambaye hajawahi kushika spana, aliniambia nisihangaike, akaiuliza simu yake. Simu ikamletea magonjwa chungu nzima. Akayasoma yote kwa sauti ya kawaida kama anayesoma bei za pizza, akamalizia kwamba inawezekana turbo inakufa, kisha akarudi kwenye mchezo wake. Enzi zetu habari mbaya ililetwa na mtu, na mtu huyo alikaa nawe kidogo, akanywa hata maji.

Alhamisi nikaamua kwenda kwa fundi, na hapo ndipo malezi yaliponiponza. Mama alikuwa hatupeleki kwa daktari kabla ya kutuogesha, hata tukiwa tunatetemeka kwa homa. Alitukata kucha, akatupaka mafuta, akatuvisha nguo za Jumapili, daktari asije akadhani hatuna wazazi. Basi nami nikapitia kwanza kinamba, pale wanapooshea magari, nikawaambia waoshe mpaka injini. Gari likafika Gatsata, mtaa wa magereji, linang'aa.

Fundi wangu anaitwa Saidi. Naye ni mtoto wa Buyenzi, tumezeeka pamoja, na akianza kuongea anasahau spana mkononi. Alifungua boneti, akainama, akatafuta kwa macho kila kona.

“Mama Keza, oili iko wapi?”

“Inavuja.”

“Hiyo nimesikia. Sasa iko wapi? Mimi hapa naona sahani za harusi.” Akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. “Umefuta njia yote. Itabidi utembee nayo siku kadhaa, ichafuke, ndiyo urudi nayo.”

Nikamweleza habari za Jumamosi, za Tante Stefania, na ule msitu wa Nyungwe ulio katikati yetu na Rusizi. Akakuna kichwa.

“Turbo ikikufia ndani ya Nyungwe utamwita nani? Nyani?”

Hakuwa anatania sana, na mimi machozi yalikuwa yameshanilenga. Niliketi juu ya tairi kuukuu, nikamfikiria Mama, ambaye alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye begi tangu jana yake na kununua sukari ya kumpelekea mdogo wake. Nikamfikiria na Papa, angefanyaje. Hapo ndipo nilipokumbuka poda. Oili ilipomficha Papa njia yake, aliosha injini, akaikausha, kisha akainyunyizia poda ya Mama, ile ya kopo yenye harufu ya waridi, mpaka ikawa nyeupe. Halafu aliwasha na kusubiri. Oili ilipotoka tu, ilionekana juu ya weupe. Mama alilalamika kwamba gari linanukia kuliko yeye.

“Saidi,” nikasema, “kuosha nimeshaosha. Bado poda.”

Akaniangalia, kisha akacheka mpaka akashika boneti. “Disi, jamani, hiyo ni ya wazee wetu.” Akavuka barabara mwenyewe, akarudi na poda ya watoto wachanga.

Lakini kwanza alifungua bomba la hewa la turbo, akaingiza vidole na kukishika kile kigurudumu cha ndani. Papa alikuwa akisema kikichezacheza, turbo imekwisha. Nilibana pumzi. Saidi akasukuma huku na huku, akatoa vidole vina oili kidogo tu.

“Hakichezi,” akasema. Halafu, kwa kuwa yeye ni Saidi, akaongeza, “hakichezi sana.”

Hilo neno “sana” lilinimaliza. Akafunga bomba, akapaka poda kuanzia juu mpaka chini, akawasha. Tukasimama wote wawili tumeinama. Juu kwenye kava la injini, pakavu. Pembeni, pakavu. Akaenda kukanyaga mafuta, injini ikapandisha sauti, na mimi nikarudi nyuma bila kujijua na kusimama upande wa pili wa gereji. Nilipopata moyo wa kusogea tena, chini ya turbo palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu unaoshuka juu ya weupe. Saidi akauangazia tochi. Ulitoka kwenye mpira unaorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda chini ya injini. Mpira wenyewe ulikuwa umekakamaa kwa joto na kupasuka pale kwenye kibano.

“Ni mpira tu,” akasema. “Turbo ni nzima.”

“Una hakika?”

“Mpira nina hakika. Mengine tumwachie Mungu.”

Akabadilisha mpira na kibano. Ijumaa asubuhi nililikuta boksi nililolaza chini ya gari mbele ya geti, mbele ya majirani wote, halina hata nukta.

Jumamosi tukaondoka. Mama mbele na begi lake miguuni, Keza na Yvan nyuma, masikio yamezibwa kwa muziki, na kabla hatujauacha mji wa Huye walikuwa wamelala midomo wazi. Boksi safi lilipaswa kunituliza, lakini halikunituliza. Kila baada ya mlima nilitafuta mahali pa kusimama, nikainama chini ya gari na tochi, nikanusa, nikarudi. Ndani ya Nyungwe, ukungu umeshuka mpaka barabarani, nikasimama tena. Nilikuwa nimeshafungua mlango Mama alipoongea.

“Papa yenu naye alikuwa hivi hivi.”

“Hivi vipi?”

“Tangu ile siku ya Bugarama. Kila safari iko anasimama, anaenda kulala chini ya gari. Nyinyi tulikuwa tunawaambia ameenda kukojoa.”

Nikabaki nimeshika mlango. Kibofu cha Papa kilikuwa kichekesho cha familia yetu. Tulikiiga, tulikitungia hadithi, hata siku ya matanga yake mjomba alikitaja na tukacheka huku tunalia. Na mimi miaka yote nilidhani yule mtu alikuwa haogopi kitu.

“Alikuwa anaogopa, Mama?”

“Mikono ilikuwa inatetemeka. Mimi ndiye nilikuwa naona.” Akavuta kitenge chake mabegani. “Nenda uangalie. Hawa wakiamka nitawaambia umeenda kukojoa.”

Nikaenda nikaangalia. Mpira ulikuwa mkavu.

Tulipofika Rusizi, Tante Stefania alikuwa amekalishwa mlangoni, mito kila upande, amekonda mpaka nikashtuka. Mama akashuka, akajikokota mpaka kwake, akakaa. Wakashikana mikono, kisha Tante akamwambia amezeeka vibaya, na wote wawili wakacheka wakilia. Nikawaacha, nikarudi kwenye gari kuwaamsha watoto. Keza akavua vile vya masikioni, akajinyoosha, akatazama huku na huku.

“Kumbe Rusizi ni karibu,” akasema.

Enzi zetu nasi, katika safari zilizofuata, tulikuwa tunashuka Gitega tukisema maneno hayo hayo, mashavu yana alama za magunia, wakati Papa anajifuta mikono kwa kitambaa pembeni ya gari. Hawa wa leo wana viti laini, wana muziki, wana simu inayojua magonjwa yote ya injini, na ningetoa vyote hivyo nilale tena juu ya yale magunia mtu mwingine akiwa anaendesha. Papa hakuwahi kutuambia njia ilikuwa ndefu. Nami nikaifuta mikono yangu, nikamwambia mwanangu ndiyo, ni karibu.