Nyimbo za Mapacha wa Kapinga

Kapinga akikaa kwenye kiti chako, akiinuka hukifuta kwa kitenge chake. Mimi ni jirani yake hapa Dilala, mjini Kolwezi, nimemwambia aache mpaka nimechoka. Hucheka, kisha anafuta.

Alikuwa na miaka kumi mwaka wa tisini na mbili, watu wenye asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa huku kwetu Katanga. Shuleni walimwita kilulu, yaani mdudu. Kila alipoinuka, wenzake walifagia benchi alilokalia, huku mwalimu akitazama dirishani. Mwalimu gani huyo? Ningempata leo, angenieleza vizuri. Kisha familia yake ikapakiwa kwenye treni hadi Mwene-Ditu, huko Kasai.

Alirudi Kolwezi akiwa mke wa Ntambwe, fundi umeme. Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akisema lugha ya kwao barabarani.

Mwaka jana alijifungua mapacha. Mama yake, mama Mbelu, akaja kutoka Mwene-Ditu kuwaimbia, maana kwao mapacha wasipoimbiwa hukasirika, hata wakaamua kurudi walikotoka. Sisi majirani tulijiandaa kucheza. Nilibeba beseni langu la unga wa zawadi, nikaingia.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mama Mbelu alikuwa ameanza wimbo kwa lugha ya kwao, mapacha wote wawili mapajani.

"Mama, polepole. Batu batasikia," Kapinga alisema.

"Si njo basikie, mwana wangu? Mapasa habaimbiwake mu kufichama."

"Bataita batoto bangu bilulu."

Nikamwambia, "Kapinga, inje kuko bamama tu. Banangojea kucheza."

Alikuwa kama hakunisikia. Alitoka, akasimama barabarani akisikiliza. Wanawake wakampigia vigelegele, naye akajikunyata kama anayesubiri kofi. Akarudi mbio.

"Ingali inasikika."

Mama Mbelu akashusha sauti. Kapinga akatoka tena, akarudi, akatikisa kichwa. Yule mama alimtazama binti yake. Alikuwa amesafiri siku nyingi kwa ajili ya nyimbo zile. Akainama juu ya wajukuu, akaendelea na wimbo kwa midomo tu, machozi yakimdondokea kifuani, sauti hakuna.

Kapinga alitoka mara ya mwisho. Aliporudi, uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Sasa iko muzuri, mama," alisema.