Tone la Mafuta Kabatini

Mwalimu wangu alikuwa amesomea bahari ng'ambo, kisha akarudi kuifundisha Kampala, ambako wengi wetu hatukuwahi kuiona bahari yenyewe. Wenzake Wazungu walipoondoka mmoja mmoja, tulibaki wawili katika maabara: yeye, na mimi fundi wake, binti wa polisi kutoka kaskazini. Tulibaki pia na kabati zima la chupa za planktoni.

Planktoni ni viumbe wanaochukuliwa na maji yanakokwenda. Aliowapenda yeye ni wadudu wa bahari za baridi, wadogo kuliko punje ya mchele. Mimea midogo ya baharini ikisitawi, wao hula bila kupumzika, wakajaza tone la mafuta mwilini. Kisha huzama kilindini na kuishi kwa tone lile miezi yote ya njaa. Samaki huwategemea, hata nyangumi. Na kaboni waliyoila juu huipumua huko chini, ikakaa mbali na hewa muda mrefu sana. Bila kazi yao dunia ingekuwa na joto zaidi. Mwalimu aliyaeleza haya kwa sauti ile ile ya kuagizia chai. Mimi nilisikiliza huku nikiwaza kaango.

Maana mjini mafuta ya kupikia yalikuwa yameadimika, na chini ya serikali ile ya wanajeshi kuficha bidhaa kungeweza kukupeleka mbele ya bunduki. Nilipata chupa mbili Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka, kwa mlango wa nyuma. Nyumbani, katika kambi ya polisi, majirani walikuwa na macho, kwa hiyo nilizisimamisha kabatini kati ya wale wadudu na kuzibandika karatasi: "Sampuli". Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi moja askari wawili walikuja kukagua. Mmoja alifungua chupa yangu, akanusa.

"Mafuta hii ya nani? Watu inapanga laini Nateete, nyinyi munaficha hapa?"

"Ni ya wadudu ya bahari, afande," nilisema.

"Wadudu gani inaweka mafuta? Unacheza na mimi?"

Mwalimu, ambaye hakujua lolote, alimkaribisha kwenye hadubini. Askari aliinama, akatazama muda mrefu kuliko wanafunzi wetu wengi. Alipoinuka alikuwa anacheka.

"Kweli, hata huyu anaficha yake kwa tumbo."

Nilianza kupumua. Ndipo alipochovya kidole katika chupa yangu, akaonja.

"Lakini hii ni ya kupika."

Mwalimu aliichukua ile chupa, akasoma karatasi. Mwandiko wangu aliujua vizuri.

"Ni yangu," alisema.

Walimchukua pamoja na chupa zote mbili. Kiswahili cha askari nilikijua, baba yangu alikuwa polisi, na mdomo nilikuwa nao. Nilisimama pale nikikaza kifuniko cha chupa nyingine ambacho hakikuwa kimelegea.

Alirudi siku ya tano, akichechemea, akaomba daftari la darasa. Hakuniuliza kitu. Alikaa miezi saba zaidi kabla ya kutorokea Kenya, na kila siku ya kazi tulikunywa chai kwenye meza moja. Kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.