Siku Ilda Alipoazima Mwanangu

Nilimwazima Ilda mwanangu kwa asubuhi moja tu, nikaja kumkuta juu ya lori la kwenda Msumbiji.

Ilda alikuwa mpishi wa maziwa hapa Madimba. Shirika lililowasaidia wakimbizi lilijenga banda la makuti karibu na kisima, na kila asubuhi yeye alikoroga maziwa ya unga kwenye sufuria mbili kubwa. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, mwembamba, chale zimepangwa mashavuni, na Kiswahili alikisema kwa kukatakata kama anayechanja kuni. Aliuvuka Ruvuma mwaka sitini na sita, akikimbia vita vya Mreno. Mama yake alibaki upande wa Palma, huko Msumbiji. Zaidi ya hapo hakutuambia.

Sharti lake lilikuwa moja: maziwa hayatoki bandani. Mtoto anywe mbele yake, kikombe kifudikizwe chini, ndipo mama ainuke. Aliyejaribu kuficha kidogo kwenye kibuyu alikoma.

"Mtu mzima unamwibia mwanao? Haya njoo basi, nikubebe mgongoni unyonye!"

Mimi si mkimbizi, nimezaliwa hapa hapa. Rashidi wangu alipokuwa na miezi mitatu niliugua homa, maziwa yakakauka. Nikampeleka bandani. Elia, karani wa shirika aliyekuja kutoka mjini mara moja kwa juma, akasema maziwa ni ya wakimbizi, wenyeji hawamo. Nikaondoka nalia. Ilda akanifuata njiani.

"Kesho njoo. Yeye kesho hayupo."

Kesho yake nikakuta mwanangu ana kadi ya maziwa: Jeronimo, mtoto wa Ilda.

"Jina hilo lilikuwepo tu," akasema. "Mnyweshe."

Kumbe sikuwa peke yangu. Wakimbizi wengine nao walikuwa wamewaandikisha watoto wa majirani zao kwenye kadi zao. Tukawa tunataniana kisimani: "Mama Alfredo, hujambo?" Na huyo Alfredo ni Saidi wa Mwajuma, jirani yangu! Tulicheka mpaka ndoo zikamwagika.

Mwaka sabini na nne serikali ya Mreno ikapinduliwa huko kwao Ureno, na mwaka uliofuata tukasikia Msumbiji inapata uhuru mwezi wa sita. Tulipiga vigelegele pamoja na wenzetu. Hakuna aliyewaza kwamba habari ile itaingia mpaka kwenye sufuria. Juma lile lile Elia akasimama bandani na barua.

"Shirika linahamia ng'ambo. Hapa tunafunga Ijumaa. Kule inakuja serikali mpya, na wanaotoa maziwa wanataka yaende huko."

"Na watoto wa hapa je?" Mwajuma alijisahau, akauliza.

"Wa hapa wapi, mama? Wa hapa hawamo kwenye orodha."

Ilda alibaki ameshika mwiko, maziwa yakaungua.

Jioni akanijia nyumbani. Amepewa kazi kwenye kituo kipya, Palma, lakini kila mwenye kadi lazima ahesabiwe pamoja na watoto walioandikwa humo.

"Nikitokea bila mtoto watasema nilikuwa naiba. Kazi imekwenda, na mama yangu sitamwona tena. Niazime Rashidi, dada. Wakishahesabu nakurudishia, saa nne haifiki."

Nikakubali. Hata mume wangu, Omari, sikumwambia.

Ijumaa nilikuwa nachimba muhogo niliposikia injini. Nikaenda polepole, sina wasiwasi. Nilipofika nikaganda. Aliyehesabiwa alipandishwa hapo hapo, hakuna kurudi nyumbani. Bodi ya nyuma ya lori imefungwa. Ilda yuko juu, anasukumana na watu akijaribu kushuka, Rashidi kifuani.

"Ilda! Mwanangu!"

Elia akageuka, kalamu mkononi. "Mwanao yupi?"

Neno langu moja lingemnyima Ilda kazi na mama yake. Lakini Ilda hakuningoja. Aliinama, akanipa mtoto.

"Ni wake. Jeronimo alikuwa mwanangu mimi. Alinitoka mgongoni tunavuka, maji yakamchukua. Huyu nimemnywesha kwa jina lake."

Mwaka mzima na zaidi nimelichekea jina la maiti kisimani.

"Shuka," Elia akamwambia.

Mguu wa Ilda ulikuwa umeshavuka bodi Mwajuma aliposogea mbele. "Na Alfredo naye ni wangu." Mama mmoja kule juu akamshusha mtoto, akampa mwenyewe. Mwingine akafuata. Kisha wengine. Nilihesabu tisa, nikaacha.

"Karani," dereva akasema, "leo utapeleka karatasi peke yake!"

Elia hakucheka. "Idadi nimeshaipeleka Dar es Salaam tangu Jumatatu; ikipungua nitaulizwa mimi," akasema, kama anajisemea mwenyewe. Akaweka karatasi kwenye bodi, akatia alama majina yote, hata ya watoto waliokuwa chini mikononi mwetu.

"Rudi juu, Ilda."

"Na Jeronimo?"

"Amehesabiwa."

Ilda alimkodolea macho, kisha akarudi kukaa katikati ya mizigo. Lori likaondoka. Hakunipungia. Mikono yake aliikunja kifuani vile vile kama bado amebeba mtoto.

Rashidi akaanza kulia. Ilikuwa saa yake ya maziwa.